Sauti Iliyokatwa Mlangoni

Hebu niambie wewe unayesikiliza: mtu akikwama katikati ya neno mbele yako, hufanya nini? Humngoja, au humtilia neno lako mdomoni ili mambo yaishe? Usinijibu sasa. Jibu lako lifunge kwenye pindo la nguo, huko mbele utalihitaji.

Basi alikuwapo fundi mmoja wa makochi, aliyefiwa na mkewe, akaishi na binti yake ambaye mtaa mzima ulimwita Kinanda. Jina hilo alilipata utotoni, kwa kuwa hakupita penye kitu bila kukigonga ili asikie kinaliaje: sufuria, bati, mlango, mgongo wa paka. Kibaraza cha mbele ndicho kilichokuwa karakana ya baba. Humo mlijaa mbao, mikanda, springi, marobota ya sponji, na makochi ya watu yaliyovuliwa nguo yakabaki mifupa. Fundi alikuwa na mazoea ya mafundi wa kazi ile, ya kubana misumari midogo kwa midomo na kuitoa mmoja mmoja huku akipigilia. Lakini ungemtazama vizuri ungeona kwamba misumari aliibana hata akiwa anapima kitambaa tu. Mtu mwenye misumari mdomoni haulizwi maswali.

Alikuwa na kigugumizi, yule mzee, tangu utotoni. Nacho kilikuwa na tabia zake. Siku nyingine kilimwachia sentensi nzima ikapita kama maji ya bomba, siku nyingine kilimkaba kwenye herufi za kwanza, mishipa ya shingo ikasimama, macho yakafumba, na neno likawa linapiga hodi bila kufunguliwa. Mkewe, alipokuwa hai, alikuwa na dawa moja tu, kungoja. Kama alikuwa anakata kitunguu, kisu kilisimama hewani mpaka neno la mumewe lifike, ndipo kitunguu kiendelee.

Kinanda alirithi jiko la mama yake, na funguo, na hata namna yake ya kufunga kitambaa kichwani. Kungoja hakukurithi. Yeye alimalizia. Baba akianza, "Che-che-che," yeye tayari, "Chemsha chai? Ipo jikoni." Na mara nyingi alipatia. Hapo ndipo alipoharibikia, maana mtu anayepatia mara nyingi huacha kabisa kuuliza.

Kazi yake ilikuwa muziki, nao aliupikia nyumbani, katika chumba cha nyuma kilichokuwa zamani ghala la sponji. Wakati alipoanza, baba alimletea vipande vya sponji vilivyobaki kwenye makochi ya watu, wakavibandika kwa gundi ukuta mzima, vya kijani, vya njano, vya pinki, chumba kikawa kama keki iliyotembelewa na panya. "Ananizibia kelele zangu," Kinanda alijisemea, na akashukuru hivyo hivyo. Humo ndani mlikuwa na meza, kompyuta ya mkono wa pili, spika mbili, kinanda chenye kitufe kimoja kilichokufa, na maiki iliyoning'inia kwa kamba ya pazia, imevalishwa soksi ili isinase pumzi. Kiti kilikuwa kimoja, chake. Hapakuwa na nafasi ya kingine.

Ufundi wake ulikuwa huu: alinasa sauti yoyote ya kawaida, akaitia kwenye kompyuta, akaibadili mpaka isijulikane. Kijiko kwenye glasi alikishusha, kikawa kengele kubwa. Sponji inayochanwa aliikata kidogo kidogo, ikawa ngoma ndogo ya pembeni. Mlango unaolalama aliugeuza mwisho ukawa mwanzo, akauvuta, ukalia kama mtu anayeomboleza chini ya maji. Waimbaji walimpenda kwa hilo. "Kinanda," walisema, "ukimpa jiwe atalifanya liimbe."

Siku moja alikuwa amekwama. Wimbo ulikuwa wa rafiki yake Chiriku, mwimbaji mwenye sauti nyembamba na maneno mengi, ndiyo maana ya jina lake. Ulihusu mpenzi asiyepokea simu. Maneno yalikuwepo, sauti ilikuwepo, ila mdundo ulikuwa umelala chali. Kinanda aliwasha maiki ili anase kifuniko cha sufuria. Mara baba akasimama mlangoni, na utepe wa kupimia umemning'inia shingoni.

"Ni-ni-ni-ni..." akaanza. Akameza mate. "Ni-ni-ni..."

Kinanda hakugeuka hata shingo. "Najua, baba. Kelele. Napunguza."

Akapunguza. Baba akabaki pale kidogo. Kisha akaupima mlango kwa utepe wake, upana na urefu, akaenda zake. "Anataka kuniwekea mlango mzito," Kinanda akawaza, akairudia sufuria yake.

Jioni ile alipokuwa akisikiliza alichonasa, akaikuta sauti ya baba. Ni-ni-ni-ni, pumziko, ni-ni-ni. Kidole chake kilikuwa kinaelekea kufuta. Lakini sikio, ewe ndugu yangu, sikio halina adabu. Sikio lilimwambia: rudia. Akarudia. Ule mkwamo ulikuwa na mwendo wake, haukulingana, ulichechemea kidogo kabla ya pumziko kama mtu mwenye kiatu kirefu upande mmoja. Hakuna mpiga ngoma ambaye angeweza kuufanya makusudi.

Akakata. Akabakiza mkwamo, akaiacha sauti yake mwenyewe na ile ya utepe nje ya kipande. Akaushusha mkwamo ukawa mzito, akauchuja mpaka ukapoteza kifua na pua ukabaki koo tupu, akaugeuza mwisho wake nyuma mbele, akautia mwangwi mdogo kama wa kisimani, akaufungia uzunguke. Kikatoka kitu kati ya chura na mashine ya maji. Wimbo ukaamka, ukavaa viatu.

Moyo ulimsuta kidogo. Akauambia: huyu si baba tena. Baba ni mtu, hii ni sauti, tena imeshabadilishwa jina na ukoo. Moyo ukanyamaza, ila ulinyamaza kwa namna ya mtoto anayejua kilichofichwa uvunguni.

Chiriku alipokuja kusikiliza aliruka juu. "Shoga! Hii ni nini?"

Kinanda angeweza kusema lolote. Akasema, "Ni mzee."

"Mzee nani?"

"Baba. Alikuwa amekwama mlangoni."

Chiriku alicheka mpaka akaegemea sponji. Na Kinanda alicheka naye. Siku zilizofuata, kati ya yote aliyoyafanya, kile kicheko ndicho kilichomrudia kooni kila alipoketi kula.

Wimbo ulitoka, ukashika. Ulipigwa kwa vinyozi, kwenye maduka ya simu, kwenye harusi. Watoto waliokwenda shule waliutembea: ni-ni-ni-ni, mguu wa kushoto, ni-ni-ni, wa kulia. Kisha mtangazaji mmoja wa kipindi cha mchana akabuni shindano. Ile sauti inayodunda kwenye wimbo wa Chiriku ni ya kitu gani? Atakayepatia atapewa feni ya mezani. Jibu lingetolewa Jumamosi mchana, na Chiriku mwenyewe, hewani.

Ndipo mtaa ukapata kazi. Mmoja alisema ni chura, mwingine mlango wa choo, mwingine bata aliyemeza filimbi. Na baba, kwenye kibaraza chake, na redio yake ndogo imekaa juu ya robota la sponji, naye akaingia mashindanoni. Kinanda alimletea chai akamkuta anatikisa kichwa kufuata wimbo, nyundo inagonga pale pale penye mdundo.

"Wi-wimbo wako mtamu," baba alisema. "Mimi nasema hiyo ni pa-pa-pa..."

"Pampu," Kinanda akamalizia.

"Eeh! Ya ba-baiskeli. Kweli?"

"Siri ya redio hiyo, baba."

Mzee akacheka, akamnyooshea kidole kama mtu aliyemnasa mwizi. Kinanda akarudi jikoni, akaiweka sinia chini, akashika ukingo wa meza. Baba yake alikuwa anashindania feni kwa kubahatisha koo lake mwenyewe.

Kuanzia hapo akawa mwema kupita kiasi. Alimfulia baba mashati ambayo hayakuwa machafu. Alimtilia sukari mpaka kijiko kikasimama. Alimsifia makochi, hata lile dogo la ajabu lililokuwa limekaa pembeni ya karakana kwa wiki kadhaa, jembamba kama la watu wawili waliokonda, limevishwa mabaki ya vitambaa, hapa maua, pale mistari.

"Hili la nani, baba? Mwenyewe haji kulichukua?"

"La mtu," baba alisema, akatia misumari mdomoni.

Siku nyingine, baada ya kupewa mnofu mkubwa kuliko wote uliokuwa chunguni, mzee aliitazama sahani, akamtazama binti. "Ma-mama," akasema, maana ndivyo alivyomwita, "umevunja ni-nini?"

"Sijavunja kitu, baba."

"Hi-hii nyama inasema umevunja."

Wote wawili wakacheka, naye Kinanda akaona tonge limekuwa jiwe.

Halafu akaja yule mteja. Kijana wa mjini, viatu vinang'aa, amekuja kuchagua kitambaa cha kochi lake. Kinanda alikuwa anafagia kibarazani. Baba alitoa misumari mdomoni ili aeleze vizuri, maana kazi yake aliipenda na alipenda kuieleza.

"Hi-hiki kinadumu. Hi-hiki ki-ki-ki-ki..."

Kijana akaanza kutikisa mabega. Akapiga vidole. "Mzee! Unaimba wimbo wa Chiriku!" Na waliokuwa wamekaa kwenye duka la pili wakadakia: ni-ni-ni-ni! Ni-ni-ni! Mmoja akainuka akacheza hatua mbili. Haikuwa chuki, ilikuwa mzaha wa mchana wenye joto. Baba naye akacheka. Alicheka vizuri kabisa, hata akapiga makofi. Kisha akaichukua misumari, akaibana, na akamwonyesha kijana vitambaa vilivyobaki kwa kidole.

Toka siku hiyo misumari haikutoka. Mteja akija, mzee ananyoosha kidole, anatikisa kichwa, anachora bei kwa chaki juu ya ubao. Hata redio akaigeuzia ukutani. Kigugumizi alichoishi nacho maisha yake yote kilikuwa chake na cha nyumba yake, na watu walikwishakizoea kama wanavyozoea mti ulioinama. Sasa kilikuwa kimepewa muziki, na kila aliyemsikia alikuwa na la kuitikia. Na mzee hakujua kilikotoka. Alidhani ni bahati mbaya tu, wimbo wa binti yake umefanana na koo lake.

Siku ya Ijumaa akaja shangazi. Huyu alikuwa dada mdogo wa fundi, mwanamke mwenye ulimi uliojaa pilipili na moyo uliojaa asali, ila pilipili ndiyo inayotangulia. Alifuata mto wake wa kiti. Pale kibarazani, kutoka duka la pili, wimbo ukaanza. Shangazi akasimama. Akainamisha kichwa kama kuku anayesikia mwewe. Akamtazama kaka yake, mwenye misumari mdomoni, akautazama ukuta wa jirani, kisha akaingia ndani moja kwa moja mpaka jikoni.

"Ile sauti ni ya nani?"

"Ni ya kompyuta, shangazi."

"Kompyuta ya mama yako! Mimi na kaka yangu tulilala kitanda kimoja utotoni. Alikuwa akijifunza kuita jina langu chini ya shuka ili asubuhi asiaibike, usiku mzima nalisikia hilo koo. Umemchuja, umemkoroga, umemgeuza miguu juu kichwa chini, ni yeye. Hata ungemtia mtungini ukafunika ningemjua. Siri ya mtungi aijuaye kata."

Kinanda akafungua mdomo, hakuna kilichotoka.

"Haya, leo na wewe umekwama," alisema shangazi. "Nikumalizie? Nikumalizie kama unavyommalizia yeye? Unataka kusema hukukusudia."

"Sikukusudia, shangazi."

"Najua. Na mwenye kukanyaga kifaranga hakukusudia, kifaranga kimekufa vile vile." Akavuta kigoda akakaa, sauti ikapoa. "Kesho yule rafiki yako atasema redioni. Mtaa mzima utajua, na kaka yangu atajua pamoja na mtaa. Sasa chagua mwenyewe: asikie kutoka kwako, au kutoka kwa mtu anayetangaza sabuni. Mdomo wangu unajulikana, nami nimeufunga kwa ajili yake, si kwa ajili yako."

Akachukua mto wake, akaondoka bila hata kunywa maji, jambo ambalo halijapata kutokea.

Jumamosi asubuhi Kinanda alizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alideki pasipokuwa na tope. Mara mbili alikwenda mpaka mlango wa karakana akarudi. Mara ya tatu baba akamwona, akainua nyusi, kwa kuwa misumari ilikuwa mdomoni.

"Baba, njoo chumbani kwangu kidogo."

Mzee akaitema misumari kiganjani, akaitia koponi, akajifuta mikono, akamfuata. Tangu siku ya kubandika sponji hakuwa amevuka kile kizingiti. Kinanda akampa kiti, kile kimoja, yeye akapindua ndoo akaketi. Baba akaketi wima, mikono magotini, kama mgeni. Akaitazama soksi ya kwenye maiki, akatabasamu, ilikuwa yake.

"Nataka ujue ile sauti ni ya nini," Kinanda alisema. "Usikilize mwenyewe."

Akaucheza mdundo peke yake, bila Chiriku, bila ngoma. Kitu cha chura na mashine ya maji kikajaa chumbani. Kisha akaanza kuondoa. Akaondoa mwangwi, sauti ikatoka kisimani ikaja karibu. Akaugeuza ule mwisho ukakaa sawa. Mzee akasogea mbele kidogo. Yeye alikuwa mtu wa kuvua makochi, kitambaa kwanza, sponji baadaye, mikanda, springi, mpaka mbao.

"Una-unavua," alisema.

"Navua, baba."

Akaondoa kichujio, kifua na pua vikarudi. Hapo uso wa mzee ukaacha kutabasamu, taratibu, kama taa inayoishiwa mafuta. Kinanda akaupandisha ule uzito mpaka pale ulipokuwa siku ya kwanza. Ni-ni-ni-ni. Ni-ni-ni. Mzee mwenyewe, mtupu, hana hata shati.

Angeweza kuishia hapo. Kosa alilodhani analo lilikuwa limekwisha kuonekana. Lakini kile kilichonaswa siku ile, kirefu, kabla ya kukatwa, kilikuwa bado kipo kwenye kompyuta, na hakuwa amekisikiliza tena tangu alipochukua alichotaka. Akakifungua. Kifuniko cha sufuria. Hatua za kandambili. Ni-ni-ni-ni. Kumeza mate. Ni-ni-ni. Na juu yake, haraka, kavu, bila kugeuka, sauti ya mwanamke anayefukuza nzi: "Najua, baba. Kelele. Napunguza."

Halafu kimya. Kimya kirefu kuliko alivyokikumbuka. Ndani yake mtu alikuwa anapumua, amesimama, bado hajakata tamaa. Kisha utepe wa kupimia ukifunguka, na kandambili zikiondoka.

Kinanda aliona aibu ambayo hakuwa ameipanga. Alikuwa amekuja kukiri kigugumizi cha baba. Kumbe cha kukiri kilikuwa sauti yake mwenyewe.

"Ru-rudia hapo," alisema baba.

Akarudia. Najua, baba. Kelele. Napunguza.

Mzee akatikisa kichwa polepole. "Wa-watu wanacheza?"

"Wanacheza, baba."

"Wa-walikuwa wanajua ni mi-mimi?"

"Hawajui. Hakuna anayejua. Isipokuwa Chiriku, nilimwambia. Na shangazi, amekutambua mwenyewe."

"Hawajui," mzee alirudia. Akaitazama mikono yake. "We-we-we..."

Kinanda aliliona neno linakuja, alilijua, lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake mwenyewe. Akauuma mdomo. Akangoja, na kungoja kulimchoma.

"Wewe u-ulijua," alisema baba.

"Nilijua."

Alitamani kumtilia neno mdomoni. Lipo neno moja alilitamani kuliko yote, neno la nimekusamehe, na mara hii halikuwa lake kulitia. "Nilicheka pia," akasema. "Na Chiriku. Siku ile ya kwanza. Na wewe ulipofanyiwa mzaha na yule kijana nilikuwa na ufagio mkononi, nikafagia."

Mzee akainuka. Akakirudisha kile kiti kimoja chini ya meza, taratibu, kama ilivyo desturi ya mtu wa viti, akatoka. Kandambili zikapita ukumbini, zikaishia mbali. Zilikuwa zile zile kandambili.

Kinanda akampigia Chiriku. Chiriku alikuwa njiani, anapaka rangi ya mdomo, unasikia kabisa.

"Usiseme," Kinanda akamwambia. "Nakuomba. Usiseme ni ya nani."

"Shoga, unaniua! Watu wanasubiri. Nikaseme nini sasa? Nikaseme pampu?"

"Usidanganye. Sema mwenye sauti alikuwa na neno, hajamaliza kulisema. Akimaliza, atakayeamua ni yeye."

Chiriku akanyamaza, na Chiriku akinyamaza ujue jambo limemwingia. "Mzee anajua?"

"Nimemwambia sasa hivi."

"Akasemaje?"

"Ametoka."

"Ee mama yangu," alisema Chiriku kwa sauti ndogo. "Na mimi nilicheka. Haya. Sisemi. Na feni yao wakampe chura."

Kinanda akaiweka simu. Akaketi palepale juu ya ndoo, kwa kuwa kiti hakukiona kuwa chake. Kutoka karakana kulikuja sauti ya kitu kizito kinaburutwa. Akajua baba anahama kazi, anajishughulisha, kama afanyavyo akiwa na uchungu. Kikaburutwa mpaka ukumbini. Kikagonga ukuta. Mzee akaguna. Kikaendelea.

Mlango ukajaa maua na mistari. Lilikuwa lile kochi dogo, jembamba, la mtu asiyekuja kulichukua. Mzee alilisimamisha kwa ubavu, akalizungusha kidogo, likapita kwenye fremu bila kukwaruza upande wowote, pamebaki nafasi ya kidole huku na kidole kule. Alilipima vizuri. Akalisukuma mpaka ukutani, chini ya sponji za pinki, mahali pekee pale chumbani palipokuwa patupu, nalo likakaa kama lililozaliwa hapo.

Kinanda alilitazama kochi, akautazama mlango, akaukumbuka utepe. Mambo yakaanza kumpangikia kichwani moja baada ya jingine, naye akayazuia. Alikuwa amekwishajua mara nyingi mno.

Baba alirudi nyuma mpaka kizingitini. Akasimama palepale aliposimama siku ile. Jasho lilikuwa linamtiririka, na mdomoni hamkuwa na msumari hata mmoja.

"Ni-ni-ni-ni..."

Kinanda akageuka, mwili mzima. Akaweka mikono mapajani. Maiki ilikuwa juu ya kichwa chake, akanyoosha mkono akaizima, akaurudisha mkono mahali pake.

"Ni-ni-ni..."

Mishipa ikasimama shingoni. Macho yakafumba. Duka la pili wakafungua redio, wimbo ukaanza, watu wakashangilia, na hakuna aliyegeuza kichwa mle chumbani. Mzee akameza mate. Akaanza upya, kwa mara nyingine, na binti akangoja, kisu chake kimesimama hewani.

"Ni-nikae," alisema baba. "Ni-nikae na wewe kidogo, mama. Niangalie u-unavyofanya."